Siku Mizani Alipotiwa Stoo

Stoo ya mizigo isiyochukuliwa, katika uwanja mmoja wa ndege wa pwani, haina dirisha. Ina feni isiyozunguka, rafu za chuma, na harufu ya papa mkavu ambaye mwenyewe alipanda ndege akamwacha. Alasiri moja vibarua wawili waliingia na mizani ya kaunta namba nne, wakaitua sakafuni, wakaondoka wakibishana kuhusu mpira. Rafu zote zikanyamaza. Hakuna aliyehitaji kuuliza mgeni ni nani.

KOTI (akining'inia kwenye msumari): Karibu, mzee. Karibu kwa watu wako. Nusu ya wakazi wa humu umetuleta wewe.

MIZANI: Nimeletwa kwa muda tu, nasubiri fundi. Naomba tusizoeane.

KIKAPU CHA UKILI: Kwanza salamu, mwanangu. Hata hakimu huanza na salamu.

MIZANI: Shikamoo, bibi.

KIKAPU: Marahaba. Haya, unaumwa nini?

MIZANI: Kidogo tu. Nazidisha.

KIKAPU: Unazidisha nini?

MIZANI: Kilo moja. Moja na gramu mia mbili, siku za joto. Tangu Ramadhani.

BEGI LA MAGURUDUMU: Tangu Ramadhani! Mimi nilipimwa wiki moja baada ya Idi! Ukasoma kilo nane na gramu mia mbili, ruhusa saba! Kumbe nilikuwa saba kamili!

MIZANI: Malalamiko hupelekwa kaunta ya huduma kwa wateja, saa mbili hadi saa tisa, siku za kazi.

KIKAPU: Sokoni muuza nyanya asipokuwa na stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani yake, anatozwa faini mchana kweupe. Ya kwako iko wapi?

MIZANI: Ilibanduka. Mabegi yananisugua.

FURUSHI (sauti nzito, kutoka ndani ya blanketi lililokazwa kwa kamba ya katani): Mwacheni. Mimi huyu hakunionea. Mimi alinipima kilo ishirini na mbili wakati ruhusa ni ishirini na tatu. Mwenye safari yake akapiga vigelegele pale pale. Ndani nina vitenge, mchele wa Kyela, na kinu cha mjukuu wangu aliyeko Dubai. Mara dada wa kaunta akanizunguka, akanibonyeza ubavuni, akasema: huyu ni mviringo.

KOTI: Mviringo ni kosa?

FURUSHI: Dubai ni kosa. Tangu tarehe 8 Machi 2017 hawataki mzigo usio na upande bapa hata mmoja. Wana mikanda ya kubebea mizigo ya kilomita 140. Kilomita 140! Ukitoka Dar es Salaam kwa urefu huo umeshaipita Chalinze. Wanasema furushi likibiringika likakwama, mashine nzima inasimama. Nami sikatai, inawezekana. Lakini hakuna aliyetuambia nyumbani, wakati tunakazwa kamba na watu watatu wametukalia juu.

BEGI: Ndiyo maana, babu, dunia imehamia kwetu sisi wenye kona. Sisi kizazi cha magurudumu. Rubani mmoja wa Marekani, Robert Plath, ndiye aliyetusimamisha wima na mpini wa kuvutia, mwaka 1987. Mimi mwenyewe nimekulia London, kabla sijafungwa kwenye robota la mitumba na kushushwa Kariakoo.

KIKAPU: Na makuzi yako yote hayo, umeishia rafu ya chini. Mwenyewe alikuachaje?

BEGI: (kimya)

KOTI: Sema tu. Humu hakuna siri.

BEGI: Alipoambiwa apunguze, akatoa vitu kimoja kimoja. Akatoa shati, akapima. Akatoa tambi za bibi harusi, akapima. Halafu akatoa kila kitu, akaniweka mtupu juu ya huyu bwana. Akasoma kilo nne na ushei. Akaniangalia. Akasema, "Kumbe mzigo ni wewe." Akafunga vyote kwenye kanga, akaitia kanga begani, akapita. Hakuna aliyemzuia. Kanga haina magurudumu wala mpini, nani ataishuku?

KIKAPU: Ya kufungia fundo ni kanga tangu zamani. Na mimi nikaja juu tena tarehe 1 Juni 2019, walipopiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania. Nikasema, sasa zamu yangu. Kufika eksirei, mlinzi ananiuliza: mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani uko wapi?

KOTI: Si wameukataza?

KIKAPU: Wamemkataza muuza mchicha. Msafiri wa ndege akiwa na kile kimfuko cha zipu cha kutilia dawa ya meno, kiliruhusiwa, ilimradi aondoke nacho. Mimi nilikuwa na achari ya mbilimbi, chupa ya nusu lita. Vijana wa London walipanga kulipua ndege kwa vimiminika, Agosti 2006, tangu hapo, viwanja vingi, chupa ikizidi mililita 100 haipiti. Mwenyewe akajitetea: nusu yake imeliwa, iliyobaki haifiki mia. Akaambiwa kinachoangaliwa ni chupa. Achari ikatumbukizwa kwenye pipa mbele ya macho yake. Akasusa. Akaniacha na mimi pale pale, na papa wangu ndani.

MIZANI: Hayo ni ya eksirei. Mimi sihusiki na achari.

KOTI: Sawa. Basi tuje kwenye unachohusika nacho. Unamkumbuka kijana mmoja mwembamba, wa ndege ya usiku? Begi lake la mkononi ulisoma kilo kumi na moja.

MIZANI: Nasoma wengi.

KOTI: Ukasema nne zitoke. Akachutama mbele ya foleni, akafungua zipu. Watu wakasogea kutazama, unajua tena watu. Soksi. Chaja tatu. Chupi aliyojaribu kuifunika kwa kiganja. Kitabu cha uhasibu kinene kama tofali. Akavaa shati la pili juu ya la kwanza. Sweta juu ya mashati. Mimi juu ya sweta, na humu pwani, mwezi wa pili! Kitabu akakisukumiza kwenye mfuko wangu wa ndani, kikamchoma mbavu. Chaja kushoto, viatu vya ngozi kulia, kimoja kimetoa kisigino nje. Jasho linamtiririka hadi kwenye bodingi pasi. Akaliweka begi tena. Ukasoma ngapi?

MIZANI: Saba. Nilimpitisha, bila chuki.

KOTI: Na zile nne zilikwenda wapi?

MIZANI: Zilitoka kwenye begi.

KOTI: Zilipanda ndege?

MIZANI: Swali hilo liko nje ya sahani yangu.

FURUSHI: Hahaha! Huyu mtoto angekuwa wakili!

KOTI: Ndege ikaruka na kilo zile zile, isipokuwa lita moja ya jasho iliyobaki kaunta. Mimi ninachouliza ni hiki: wewe unapima nini hasa?

(Mwandishi ameshauliza swali hilo pia, akiwa amevaa sweta mbili. Hakujibiwa.)

MIZANI: Napima kwa usalama wa safari. Uzito ni uhai. Ndege ikielemewa...

KIKAPU: Hapo ngoja. Mimi nimetoka Unguja kwa vile vindege vya injini moja. Kule kilo ni kumi na tano na begi liwe laini, likunjike. Rubani mwenyewe anapakia. Alimtazama bwana mmoja wa mwili, akamwambia kwa adabu, "Mzee, wewe njoo ukae huku mbele." Hakuna aliyenuna. Kule uzito ni uzito kweli. Wewe ulishawahi kumpandisha mtu hapo juu yako?

MIZANI: Siruhusiwi. Watu huhesabiwa kwa wastani. Wazungu wa Ulaya kwenye ndege kubwa humwandikia kila mtu mzima kilo 84, mzigo wake wa mkononi ukiwa humo humo.

KOTI: Rudia.

MIZANI: Humo humo. (Anajutia.) Yaani, kwa makadirio.

KOTI: Kwa hiyo yule kijana, mwembamba, kilo hamsini na tano na vitabu vyake, ndege ilishamwandikia themanini na nne. Alikuwa anaidai ndege! Na wewe ukamvua nguo kwa ajili ya kilo nne!

MIZANI: Shirika moja la Samoa lilijaribu haki yako hiyo mwaka 2013, likatoza nauli kwa uzito wa mtu mwenyewe. Dunia nzima ikapiga kelele. Finnair nao mwaka 2024 waliwaomba abiria wapande mizani kwa hiari, ili wahakikishe ule wastani wao, na hata hapo watu wakanong'ona. Watu hawataki haki, wanataka begi lipite.

MFUKO WA DUTIFRII (kutoka rafu ya juu kabisa, kwa sauti ya kujivuta): Samahani, mnaongelea mizani gani? Mimi nina manukato, chokoleti na mdoli, kilo tano hivi. Sijawahi kumwona huyu bwana maishani mwangu.

KIKAPU: Wewe umezaliwa upande wa pili wa kaunta.

MFUKO: Wahudumu walinipokea kwa tabasamu. Nilisahauliwa chini ya kiti, ndiyo sababu niko nanyi.

BEGI: Sasa mnaona? Mimi nimekulia Ulaya, hizi habari nazijua. Zamani Marekani begi la kwanza lilishushwa chini bure. Mwaka 2008 mafuta yakapanda bei, American Airlines wakaanza kutoza dola 15. Wenzao wakafuata. Mafuta yakashuka, tozo ikabaki. Watu nao si wajinga: kila mtu akapanda na sanduku lake mkononi, makabati ya juu yakajaa, milango ikafungwa kwa magoti. Ndipo wakasema makabati hayatoshi. Mwaka 2010 shirika la Spirit likaanza kutoza hata hilo la kabatini.

FURUSHI: Yaani wamekufukuza sebuleni, ukaenda ukumbini, wakatoza ukumbi.

BEGI: Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2014 kwamba mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya safari, haulipiwi, mradi ukubwa na uzito wake uwe wa kiasi. Mashirika ya ndege yakakubali vizuri sana. Kisha yakakaa yenyewe kuamua kiasi ni kiasi gani. Novemba 2024 Hispania ikayapiga mashirika matano ya bei chee faini ya euro milioni 179 kwa mambo kama hayo. Yakakata rufaa. Na Ryanair, bosi wake alitangaza hadharani mwaka 2025 kwamba mfanyakazi anayemnasa abiria mwenye begi lililozidi, bakshishi yake itapanda kutoka euro moja na nusu hadi mbili na nusu.

MIZANI: Mbili na nusu... kwa begi?

BEGI: Kwa kila begi.

MIZANI: Mimi nimekaa kaunta namba nne mwaka hadi mwaka. Nimekanyagwa na watoto. Nimemwagiwa uji. Sijafutwa vumbi, wachilia mbali euro. Na nimewaletea kilo za ziada ngapi! Kwa begi, unasema?

KOTI: Hatimaye tumejua unapima nini.

MIZANI: Nisikilizeni. Mimi nina kioo cha tarakimu tu, sina kinywa. Anayesema "lipa au punguza" si mimi. Nimeshaona mheshimiwa akipita na mabegi matatu na mtu wa kumbebea, sikuguswa hata kwa unyoya. Nimeona mama ametoka Bukoba na senene wa kupeleka kwa mwanawe, wamepimwa hadi mfuko wa karatasi. Mnadhani nilipenda?

KIKAPU: Ulizidisha kilo moja na gramu mia mbili.

MIZANI: Kwa sababu ya joto!

FURUSHI: Mimi nauliza kitu kingine. Ningepakiwa nikapotea, mjukuu wangu angepata nini?

BEGI: Zamani, kwa mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, mlilipwa kwa kilo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaangalia hasara ya abiria, na una kikomo. Usipofika siku 21, unahesabika umepotea, babu.

FURUSHI: Kwa kilo, eh? Basi siku ile ningependa nipimwe na huyu huyu, na joto lake.

(Mlango unafunguliwa. Kibarua anaingia na mkokoteni, nyuma yake karani mwenye mizani ndogo ya kuning'iniza na karatasi.)

KARANI: Hii ya kaunta nne inapelekwa kwa fundi Nairobi, ndege ya saa kumi na mbili. Inyanyue tuone.

(Kibarua anaitia ndoana, anaivuta juu, mishipa inamtoka shingoni.)

KARANI: Thelathini na tano. Haiendi. Kipande kimoja mwisho thelathini na mbili, migongo ya wapakiaji ni ya watu. Itabidi ipunguzwe, au ilipiwe kama kago.

MIZANI: Thelathini na tano? Haiwezekani! Kiwandani nilitoka na thelathini na mbili kamili! Hiyo mizani yako ni mbovu! Iangalie stika yake! Ipime tena!

KARANI (bila kusikia, anaandika): Kago.

MIZANI: Jamani, semeni kitu! Nyinyi mnanifahamu! Ni kilo tatu tu!

KOTI: Wasikutishe. Fungua hizo skrubu, utoe na sahani, lete huku polepole. Mimi nina mifuko sita.