Kifimbo cha Chapati

Kabla ya habari ya chapati, nianze na nyumba. Tunakaa Bigwa, pale mji wa Morogoro unapoanza kuupanda Uluguru, na kiwanja si changu: ni cha ukoo wa mama mkwe. Mimi niliingia na begi moja na redio ya betri. Kwetu Rombo kihamba, yaani shamba la ukoo, hurithiwa na watoto wa kiume. Kwa Waluguru, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, na kwa desturi yao ya zamani anayehama akioa ni mwanamume. Haya nimeyajua miaka kumi na sita sasa. Shida yangu imekuwa kuyakumbuka.

Mwezi wa pili, kikundi cha kina mama cha kukopeshana, ambacho mke wangu ndiye mweka hazina, kilikuwa kinatafuta kitu cha kutundika ukutani tarehe 8 Machi. Wenyewe walifikiria kitambaa na maputo. Nikaingilia. Mimi ni mwalimu wa sanaa, na mwalimu wa sanaa haombwi mara mbili. Kusema kweli sikuombwa hata mara moja. Nikasema nitawatengenezea kolaji: vipande vya magazeti, fotokopi na kanga juu ya ubao mmoja, halafu nichape yale maneno ambayo wanawake hubandikwa tangu wakiwa watoto. Nilikuwa nimeona kwenye kitabu kazi za Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1972, ambaye alichukua michoro ya zamani ya vitabu vya udaktari akaibandika macho na midomo iliyokatwa kwenye majarida, akatoka mwanamke anayekutazama usijue anakucheka au anaumwa. Mfululizo wake mmoja wa namna hiyo una picha 12. Mimi nilitaka moja tu, nikajipa wiki mbili.

Nilimweleza mke wangu yote hayo wakati wa chakula. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Utaifanyia wapi?"

Sebuleni, ndiko nilikoifanyia. Kwa siku nne kochi halikukalika. Nilikusanya kalenda za zamani, kadi za harusi, maboksi ya sabuni za kujichubua, magazeti ya vichekesho, na yale magazeti yanayofungiwa maandazi, yenye mafuta hadi unasoma kurasa mbili kwa mpigo. Nikavipanga kwa mafungu: wanawake wanaoichekea sufuria, wanawake wanaolia, wanawake wenye kisu mgongoni na wivu usoni, na fungu moja kubwa la katuni ambalo lilikuwa makalio matupu, bila mtu. Nikachora sketi fupi kwa kumbukumbu ya Operesheni Vijana, pale Umoja wa Vijana wa TANU ulipopiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969, kana kwamba ujamaa ungevunjikia magotini. Na kwa ukingo wa picha nikakata pindo la kanga ya mke wangu. Nilikata kanga moja tu, lakini anayejua doti ni nini anajua kwamba niliharibu mbili.

Katikati nikamweka mwanamke mkubwa, futi tatu, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Uso sikumpa. Niliuacha mweupe makusudi, ili awe kila mwanamke. Nililipenda wazo hilo kiasi kwamba niliamka usiku kwenda kulitazama.

Sasa ikaja kazi ya kuchapa. Mashine sina. Nikaenda kwa fundi pancha Msamvu, akanipa tyubu ya lori iliyokufa. Nikaibandika kwa gundi ya viatu kwenye vipande vya mbao na kuchonga herufi kwa wembe. Rangi ilikuwa ile ya mafuta, ya bluu, iliyobaki tulipopaka milango, nikailegeza kwa mafuta ya taa. Rangi niliigonga kwa sponji. Kilichobaki ni kitu cha kukandamizia karatasi, kizito, cha mviringo, laini. Jikoni kipo. Nilikiazima.

Nilichonga neno moja moja kutoka kwenye ule usemi kwamba mtoto wa kike ni mgeni kwao. Neno la kwanza kuchapa lilikuwa MGENI. Nikaweka karatasi juu ya mpira, nikasukuma kifimbo mbele na nyuma kama ninayemwandalia mtu futari, nikaibandua karatasi kwa pembe. Herufi zilikuwa kali, zimeiva, na zote zimegeuka: neno linaanzia kulia, linakwenda kushoto, na N imelala upande usio wake. Binti yetu wa darasa la sita akaenda chumbani akarudi na kioo, akakisimamisha pembeni ya karatasi bila kusema kitu. Kwenye kioo neno lilisomeka vizuri kabisa. Fundi mihuri yeyote anayekaa na meza yake barazani anajua kwamba herufi huchongwa kinyume ili zichape sawa. Mimi, mwenye cheti, sikukumbuka. Nikajifariji kwamba hata majina ya kanga za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, yakianzia kulia, na watu waliyasoma.

Nikajaribu tena, karatasi ikateleza, na kifimbo kikapita moja kwa moja juu ya mpira wenye rangi mbichi. Nikakifuta kwa ukurasa wa michezo. Kwa macho yangu kilitakata. Nikakirudisha mahali pake, maana mimi ni mtu wa kurudisha vitu.

Mvua ilikuwa imeshika siku ya tatu. Wingu limeukalia Uluguru, huoni kilele cha Bondwa wala minara yake, nguo hazikauki, na rangi ya mafuta katika hewa kama ile hukaa inanata kama jamu. Alfajiri umeme ukakatika. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Matombo na gari la kwanza, na mke wangu, aliyetakiwa kazini saa mbili, akasukuma chapati kwa mwanga wa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai.

Hapa inabidi nieleze ufundi kidogo, kwa sababu baadaye nililazimika kuueleza nikiwa nimesimama wima mbele ya mkwe. Herufi za kwenye mpira zilikuwa zimechongwa sawa. Zilipogusa karatasi ziligeuka. Zilipogusa kifimbo, nazo ziligeuka. Lakini kifimbo kilipopita juu ya unga wenye mafuta, kile kilichogeuka kikageuka tena, yaani kikarudi sawa. Ndivyo mashine nyingi za magazeti zinavyofanya kazi: bamba huipa rangi ngoma ya mpira, na ngoma ndiyo huipa karatasi. Kwa hiyo neno lililonikatalia sebuleni usiku kucha lilikubali jikoni kwa mara ya kwanza, kwa rangi ya bluu, juu ya chapati ya juu kabisa kwenye hotpoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

Alitua mkungu wa ndizi na kifuko cha mdalasini, akanawa, akakaa. Mke wangu alikuwa chumbani anavaa. Mimi nikafunua hotpoti na kumkaribisha, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Mama mkwe alizaliwa mwaka 1955, mwaka ambao watu wa Uluguru waliwagomea wakoloni waliokuwa wakiwalazimisha kuchimba matuta milimani, na yeye husema hivyo ndivyo alivyo. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, na hadi leo husoma kwa kidole na kwa sauti, hata dawa ya mswaki. Aliiinua ile chapati. Akainuka nayo hadi mlangoni penye mwanga, akanyoosha mkono wote kwa sababu miwani iko kwenye begi.

"M... ge... ni."

Mvua ilisikika vizuri kwenye bati.

"Mgeni," akarudia. "Mimi ndiye mgeni? Hapa?"

Nilisema mambo mengi wakati huo, mengi yakiwa juu ya tyubu za lori. Mke wangu akatoka na kiatu kimoja mguuni, akaitazama chapati, akakitazama kifimbo, akanitazama. Hakuuliza. Akaichukua ile hotpoti yote akaimwagia kuku, na kuku wakachagua zisizo na bluu.

Ikabidi nimpeleke mama sebuleni akaone chanzo. Akaizunguka picha taratibu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Nikamsomea usemi wote, nikaeleza kwamba mimi siukubali, kwamba naupinga, kwamba ndiyo maana nimeuchapa.

"Nani anasema hivyo?"

"Watu, mama. Jamii."

"Wapi?"

"Kwetu wanasema."

"Kwenu Rombo."

"Ndiyo."

"Na hapa je, mgeni ni nani?"

Binti yetu akaangua kicheko, akatoka mbio. Bibi yake naye akacheka, na kwa kicheko kile nilijua ya chapati yameisha. Lakini ya picha ndiyo yalikuwa yanaanza.

"Huyu jembe kashika," akasema akimgusa mwanamke wangu. "Shamba lake liko wapi?"

Chini ya miguu yake kulikuwa karatasi tupu. Sikuwa nimefikiria.

"Na uso?"

"Nimeuacha makusudi, mama. Ni kila mwanamke."

"Kila mwanamke ana uso."

Mke wangu, ambaye alishachelewa kazini, alivua kile kiatu kimoja akakaa kwenye mkono wa kochi kuangalia. Na binti yetu akachungulia mlangoni kuuliza Simbamwene yuko wapi. Nikamwambia hii si picha ya historia. Akasema yeye anauliza tu. Swali lenyewe halikuwa la kitoto: mji huu tunaoishi ulianza kama ngome ya Kisabengo, na alipofariki, aliyeshika hatamu ni binti yake, Simbamwene. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, mwenye mji aliyemkuta alikuwa mwanamke huyo, tena hawakuelewana. Mimi nilikuwa nimekusanya ubao mzima wa wanawake kutoka kila kona, isipokuwa huyo wa chini ya mlima huu.

Mama aliomba kuona gundi yangu. Nikamwonyesha sufuria. Akaichota kwa kijiko na kuigeuza. Mabonge yakabaki yameganda kwenye kijiko kama kokoto.

"Unga uliutia kwenye maji ya moto."

"Ndiyo, mama."

"Hm."

Akapika nyingine. Unga wa muhogo kwanza aliuvuruga kwa maji baridi hadi ukawa kama maziwa, ndipo akaumimina kwenye maji yaliyochemka huku akikoroga upande mmoja, mpaka ukapoteza weupe na kung'aa kama kamasi la konokono. Ile iliweza kushika kitu chochote. Kwa gundi hiyo alibandika shamba: magamba makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka kwa ajili ya ardhi, na nyuma yake vipande vya mdalasini vilivyosimama vikawa mlima. Sebule ikanukia pilau. Uso akauchora mke wangu kwa mkaa, kwa dakika tano, bila kumwiga mtu, ila pua ni ya mama yake. Binti akamvika Simbamwene taji kubwa kuliko kichwa na kumpandisha juu ya mdalasini. Mimi nilichonga MGENI upya, kinyume, nikachapa, likasomeka. Wakalibandika miguuni pa picha, na hawakuweka maneno mengine ya ule usemi.

Tarehe 8 picha ilikwenda kwa bajaji, imefungwa nailoni. Kina mama waliizunguka, wakanusa, mmoja akabandua kipande cha mdalasini akatafuna. Mwenyekiti akauliza nani kaitengeneza. Mke wangu akasema, "Mama." Nami nilikuwa pale nyuma, nagawa soda.

Mwezi wa nne mama mkwe alituma kifimbo kipya kwa kondakta wa gari la Matombo, kimefungwa kwenye kitambaa, na ujumbe wa mdomo kwamba ni cha chapati. Picha bado iko ukutani kwa kikundi, au kilichobaki chake. Ile gundi nzuri imewavutia panya. Wamekula wanaolia, wanaocheka na fungu lote la makalio, wamekula sketi ya mwaka 1969 na pindo la kanga lote. Mdalasini wameuacha, na chini kabisa wameliacha neno la bluu, nadhani kwa sababu ya mafuta ya taa.