Heko kwa Meza ya Ashu

Waandishi wa magazeti wakigusia kamari huwa na wahusika wawili tu: aliyeuza shamba na aliyetajirika. Samuel Abisai alipobeba shilingi milioni 221 za jakpoti ya SportPesa mwaka 2017, nchi nzima ilimjua kwa jina na kwa sura. Lakini nani amewahi kumtungia hata beti moja kijana aliyekaa steji ya boda huku Kabiria, Nairobi, tangu saa tatu asubuhi hadi magharibi, akacheza poka bila kunyoosha mgongo, kisha akarudi kwake na hasara ya shilingi thelathini? Huyo ndiye ninayemsifu leo. Naisifu na meza yake, ambayo ni kreti ya soda iliyopinduliwa ikatandikwa kipande cha katoni.

Poka hii si ile ya kasino za mjini, ya watu kukaza nyuso na kusukuma vibao vya plastiki. Huku ni mbio za kumaliza kadi mkononi. Ukitupa 2, jirani yako anaokota mbili. Ukitupa 3, anaokota tatu. Jokeri ni tano na matusi juu. J humruka mtu, K hurudisha mchezo ulikotoka, 8 na Q ni maswali, na muulizaji asiye na jibu anaokota. A ndiyo wakili wa wanyonge: huzuia adhabu, au humpa mwenyewe ruhusa ya kuagiza kopa, shupaza, uru au maua. Ukikaribia kumaliza lazima utangaze, "Niko kadi!" Ukisahau, ushindi wako si kitu. Nchi hii ina viongozi wangapi wanaotutangazia mapema kwamba wako karibu kutumaliza?

Dau ni ashu, yaani shilingi kumi. Siku ya mapato mazuri hupanda hadi mbao, ishirini, lakini ikifika finje, hamsini, wazee hukohoa. Ubora wa kwanza wa meza hii ni kwamba haina mwenyewe. Gurudumu la ruleti la kasino lina matundu 37, nawe ukilipatia namba unalipwa kana kwamba yalikuwa 36, kwa hiyo nyumba inabaki na karibu asilimia 2.7 ya kila kitu milele na milele. Kwenye kamari ya simu ni zaidi. Tangu Sheria ya Fedha ya 2025, serikali hukata asilimia 5 ukiweka pesa na asilimia 5 nyingine ukizitoa, na kampuni yenyewe bado haijaanza kula. Kwenye kreti yetu anayekula ni mama wa chai peke yake, na yeye angalau anakupa mandazi. Ipo sarafu moja ya shilingi kumi yenye doa la rangi ya kucha. Nimeiona ikimtoka mtu asubuhi, ikazunguka mikono ya watu wanne, ikamrudia mwenyewe kabla ya adhuhuri, naye akashangilia kama aliyeokota ng'ombe. Hakuna aliyepungukiwa, hakuna aliyeongezewa, na wote walikuwa na shughuli.

Poka ya kasino nayo inataka subira isiyo ya binadamu. Mkono mkubwa kuliko yote, ule wa 10 hadi A za aina moja, hutokea mara moja katika migao 649,740 ya kadi tano. Anayegawiwa mikono mia kwa siku, bila Jumapili wala Krismasi, atausubiri karibu miaka 18. Kabiria mtu anamaliza mchezo kwa 4 ya kopa na kuringa mpaka jioni.

Hebu tuzitazame kadi zenyewe. Pakiti ilikuwa nzima zamani. Sasa zimevimba kwa jasho na grisi, kingo zimechanika, na 7 ya maua ilipotea katika mvua za Aprili, pahali pake pakachukuliwa na kipande cha pakiti ya unga kilichoandikwa kwa biro. Kila mchezaji anaijua hiyo 7 hata ikiwa imelala kifudifudi, na kila mchezaji anajifanya haijui. Sijaona uungwana kama huo kwenye ofisi yoyote ya umma.

Halafu kuna mahakama. Katiba ya Kenya ya 2010 ina ibara 264 na bado tunapelekana kortini kila wiki. Sheria ya steji haina hata ibara moja iliyoandikwa, nayo inatosha. Je, mtu anaweza kumaliza kwa A? Jokeri inazuiwa au haizuiwi? Mgeni kutoka Waithaka huja na desturi zake, wenyeji nao wana zao, kelele zinapanda, mpaka mzee mmoja asiyecheza, aliyekuja kungoja kuzibiwa pancha, anaulizwa: "Mzee, wewe sema ukweli." Anasema. Aliyeshindwa analalamika, analipa ashu yake, na kesi imefungwa bila wakili wala kuahirishwa.

Wachunguzi wa usalama barabarani nao wana deni la shukrani. Kila saa ambayo pikipiki sita zimeegeshwa huku wenyewe wakibishania 8 ya uru ni saa ambayo hakuna anayepita kushoto kwa lori la ng'ombe wa machinjio ya Dagoretti, hakuna anayepanda na abiria watatu na godoro, hakuna anayekimbia upande usio wake kuingia Ngong Road. Mamlaka ya usafiri, NTSA, hutumia pesa nyingi kwa mabango na mafunzo. Ingewanunulia hawa pakiti mpya ya kadi, wodi za mifupa zingepata nafasi.

Juzi alikuja mama mmoja na gunia la viazi.

"Vijana, hakuna wa kunifikisha Satellite?"

"Ngoja kidogo tu, mathe," akajibiwa bila mtu kuinua macho, "huyu ako kadi."

Mama akangoja. Aliyekuwa kadi akaokoteshwa tano. Aliyemwokotesha akarudishiwa K. Mama akaweka gunia chini, akachungulia mkono wa aliye karibu naye, akamwambia kwa sauti ya mzazi, "Si utupe hiyo Q, wewe!" Alitupa, akakosa jibu, akaokota. Nauli ya Satellite ilikuwa mara kadhaa ya dau lililokuwa mezani, na hakuna aliyeonekana kuliona hilo.

Hapo ndipo wapinzani hunishika koo. Wanasema kijana huyu hakupoteza shilingi thelathini. Alipoteza nauli zote zilizompita akiwa ameinamia kreti, na pikipiki ile ni ya mkopo unaodaiwa kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Hoja hii ina kasoro moja tu, nayo ni kwamba ni ya kweli. Mchezaji mwenyewe anaijua vizuri kuliko wao. Ila ukimuuliza atakwambia kwamba barabarani nako ni kamari: kuna siku unazunguka na mafuta ya watu mpaka Dagoretti Corner na kurudi mtupu, na huko hakuna wa kukucheka vizuri.

Serikali ilianza kuwatungia wenye kasino sheria mwaka 1966, ile Sura ya 131, na Agosti 2025 Rais Ruto akatia sahihi Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari. Ya zamani ilitaka kamari iwe na leseni, na mpya nayo inataka. Steji yetu haina hata choo. Ndiyo maana askari wa doria wakitokea kwenye kona, sarafu huingia ndani ya helmeti kwa kasi ambayo hakuna abiria aliyewahi kuiona, na wote wanakuwa wanacheza kwa mapenzi tu.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukifika Kabiria ukakuta pikipiki zimepangwa na hakuna anayekuita "sista" wala "boss", usikasirike. Ingia kibandani, salimia, uliza nani yuko kadi. Lakini kama umebeba mgonjwa, panda matatu.