Mjomba Koki Anajibu

Safu ya wenye mabwawa ya kuogelea, wenye majakuzi, na wanaotamani kuwa navyo. Barua za safari hii nyingi ni za baridi, maana Julai imeingia na Mikumi nzima imevaa sweta.

*Mjomba Koki, shikamoo. Nina gesti hapa Mikumi, kando ya barabara ya Iringa, na bwawa dogo la wageni. Kitabu kilichokuja na pampu kinaonya kwa herufi nyekundu kwamba maji yakiganda mashine itapasuka. Fundi ananishawishi ninunue madumu matano ya dawa ya kuzuia kuganda. Ninunue? – Mwenye Gesti*

Marahaba. Usinunue. Dawa anayokuuzia ni ya rejeta za malori yanayopita mbele ya gesti yako kwenda Tunduma, na nyingi kati ya hizo ni sumu kwa anayezimeza. Kitabu chako kiliandikiwa watu ambao baridi yao huua mabomba. Mikumi iko mita mia tano na kitu tu kutoka usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Piga hesabu utaona kwamba ili maji yako yagande, itabidi ulibebe bwawa ulipandishe Kilimanjaro.

Kipupwe cha Mikumi hakigandishi maji, kinagandisha wateja. Wanakaa ukingoni wamejifunga taulo, wanaagiza chai. Kwa hiyo lifunike bwawa kila usiku: joto jingi la maji hupotea kwa kugeuka mvuke, na turubai linalolala juu ya maji hulizuia. Fedha ya madumu nunua klorini.

*Mjomba, mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Kilosa kutoka Makete. Hapa watu wanavaa koti kwa kiubaridi ambacho sisi kwetu tungeanika nguo. Nikistaafu nataka bwawa kijijini. Litaganda? – Mwalimu Mgeni*

Mwalimu, wewe una haki ya kuuliza. Huko kwenu kuelekea Kitulo, nyanda zinapita mita 2,600, na kati ya Juni na Agosti sakitu hubabua viazi usiku mmoja. Hata hivyo bwawa lenyewe halitaganda. Maji mengi hayapotezi joto lake lote kwa usiku mmoja, na mchana jua linayarudishia. Hofia bomba jembamba linalopita juu ya ardhi, kwa kuwa maji yake ni kidogo. Lifukie, na sehemu isiyofukika uivishe sponji. Kuhusu makoti ya Kilosa, waache. Na wewe ngoja Januari ya huku, utaomba uhamisho.

*Mjomba shikamoo, ni mpwa wako wa Kilosa, sasa niko Houston. Nimenunua nyumba yenye bwawa na jakuzi. Majirani wanasema baridi inakuja, nami nilidhani Texas ni joto tupu. Nifanyeje? – Mpwa wa Mbali*

Marahaba mpwa, hongera kwa nyumba. Mzaha naweka pembeni, maana kwako kitabu kile kinasema kweli. Tena baridi huumiza zaidi nchi za joto, kwa sababu huko kaskazini kwenye theluji mabomba hufukiwa chini sana na mabwawa hufungwa kwa majira yote, wakati kwenu kila kitu kimeachwa nje kinaota jua. Februari 2021 Texas iliganda, umeme ukakatika kwenye mamilioni ya nyumba, na wenye mabwawa wakabaki wanaokota vipande vya pampu. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na hakuna plastiki inayoweza kubishana nayo.

Umeme ukiwepo, acha pampu izunguke usiku kucha, na ufungue valvu zote ili kila bomba lipitishe maji, pamoja na yale ya jakuzi, kwani ndiyo watu husahau. Mitambo mingi ya huko ina kifaa kinachowasha pampu chenyewe hewa inapokaribia sifuri. Kijaribu kabla ya baridi, na ukumbuke kwamba hakina msaada umeme ukikatika.

Umeme ukikatika na nje kumeshaanza kuganda, usikae ndani ukisubiri urudi. Sisi tuliokulia kwenye mgao tunajua ahadi ya "nusu saa". Zima swichi kuu ya mtambo ili pampu isije ikawaka ikiwa kavu. Funga gesi ya hita. Kisha fungua vizibo vya chini vya pampu, chujio na hita, maji yatoke yote. Vizibo viweke kwenye kikapu cha pampu, vinginevyo utavitafuta mpaka Pasaka. Maji ya bwawa lenyewe usiyamwage. Sababu nampa jirani yetu hapa chini.

*Mjomba, bwawa langu liko Kilosa, bondeni. Mvua zikikaribia nataka nilimwage lote libaki tupu, ili mafuriko yakija lipokee maji. Wazo zuri? – Mpangaji Mipango*

Hapana, bwana. Ardhi ya bondeni ikishiba maji, maji hayo husukuma sakafu ya bwawa kutoka chini. Bwawa lililojaa lina uzito wa kuyakalia. Lililo tupu hunyanyuka ardhini kama mtumbwi, likakatika na mabomba yake. Kilosa mnaujua Mkondoa: mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 ulivunja tuta lake, maelfu wakahamia kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika. Mto wa namna hiyo huwezi kuupokea kwa beseni la futi kumi na tano. Acha bwawa limejaa, pandisha pampu na swichi juu ya ukuta, na wewe mwenyewe pandisha familia mlimani wakisema tuta linavuja.

*Mjomba Koki, tembo anakuja usiku kunywa maji ya bwawa la kambi yetu, jirani na hifadhi. Maji yanapungua na wageni wanashangilia. Nimfukuze, au nimtoze? – Meneja Msaidizi*

Usimfukuze, wala usiwaruhusu wageni wamsogelee wapige picha. Toa taarifa kwa askari wa wanyamapori, kisha muwekee maji mbali na vyumba, kwa sababu mkubwa mmoja hunywa zaidi ya lita 100 kwa siku na kiu haina saa ya kufunga. Klorini punguza, ila usiache. Kuhusu malipo, huyo ni mzaliwa wa hapa. Mtoze bei ya wananchi.