Kushuka Mchongoma, Kupanda Ndiyo Ngoma

Shangazi Magoti hujibu barua zenu za ndoa, mashemeji na mikopo. Tangu shule zifungwe, wasomaji wetu wa Arizona hawaniulizi jingine ila Grand Canyon. Haya.

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi Phoenix, tuna watoto wa miaka minane na kumi na mmoja. Jumamosi tunakwenda Grand Canyon. Mume wangu ni mzaliwa wa Moshi, anasema yeye na Kilimanjaro wamekua pamoja, kwa hiyo korongo hilo kwake ni mtaro tu. Amepanga tushuke hadi Mto Colorado, tunawe uso, turudi juu kwa chakula cha mchana. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? — Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Kwanza mwulize Kilimanjaro aliishia wapi. Watu wa Moshi ninaowafahamu mimi, wengi walifika geti la Marangu, wakanywa soda, wakarudi.

Lakini hata awe alikanyaga kilele cha Uhuru, mita 5,895, ujuzi ule haumsaidii, maana korongo ni mlima uliopinduliwa. Mlimani unapanda ukiwa na nguvu, na ukichoka mteremko unakurudisha nyumbani. Grand Canyon gari mmeliacha kileleni. Asubuhi mnashuka, kuna ubaridi, watoto wanakimbia mbele, baba anapiga mluzi. Wahenga walituonya kwamba kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma. Hawakuwahi kufika Arizona.

Sasa hesabu. Njia ya Bright Angel inaanzia ukingo wa kusini, kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mto uko zaidi ya mita 1,300 chini yake. Kwenda na kurudi ni kilomita 25 na ushee. Kila mnaposhuka, joto linapanda: Julai juu mnapata upepo, kule chini nyuzi 40 kivulini ni jambo la kawaida. Askari wa hifadhi wanasisitiza watu wasijaribu kwenda mtoni na kurudi siku hiyo hiyo, na kiangazi wasiwe wanatembea kwenye miteremko ile kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Yaani saa aliyopanga mumeo kula pilau ndiyo saa ya watu kuokolewa.

Kipimo chao ni hiki: saa moja ya kushuka, hesabu mbili za kupanda. Ondokeni alfajiri, mwende mpaka kibanda cha kwanza cha kupumzikia, kilomita 2.4 kutoka juu. Kina choo, na majira ya joto huwa na maji, ila mabomba ya Grand Canyon hukatika kama ya mtaani kwetu, basi ulizeni kabla ya kushuka. Hapo geukeni. Usimwambie mumeo kwamba hawezi. Mwambie watoto wamechoka. Wanaume wengi wameokolewa na watoto waliochoka.

Atataka kuendelea hadi Havasupai Gardens, kilomita 7.2 kutoka juu, kwa kuwa ameona picha za miti ya kivuli. Kataa. Ila mweleze habari ya jina hilo, lililowekwa mwaka 2022. Wahavasupai walikuwa wakiishi na kulima pale, na baada ya hifadhi kuundwa mwaka 1919 waliondolewa. Hadithi ya watu kuhamishwa ili watalii wapate pa kutembea, sisi hatuhitaji kutafsiriwa.

*Shangazi, mama mkwe amekuja kutoka Buyenzi, Bujumbura. Ana miaka sabini, anavaa kitenge na ndala. Mume wangu anasema tumwache hotelini atazame televisheni. — Mkwe Mwema*

Televisheni? Amevuka bahari kuja kutazama televisheni?

Juu ukingoni kuna mabasi ya bure, na kuna njia ya lami iliyopimwa kwa umri wa dunia: kila mita moja ni miaka milioni moja. Inaanzia kwenye jumba la makumbusho la Yavapai na kuelekea kijiji cha Grand Canyon, na pembeni wamepanga mawe yaliyotolewa kila tabaka la korongo. Jiwe la ukingoni analokanyaga lina miaka milioni 270 hivi. Ya chini kabisa, yale meusi karibu na mto, yanapita milioni 1,700. Siku hiyo mama mkwe atakuwa mdogo kuliko kila kitu, jambo ambalo nadhani halijamtokea tangu aingie nyumbani kwenu.

Mshikeni mkono. Sehemu nyingi za ukingo hazina uzio, na hatari kubwa ni mpiga picha anayesema "rudi nyuma kidogo."

*Nimeandaa chapati, mayai ya kuchemsha na karanga za chumvi. Binti yangu anaona aibu, anasema wenzake hubeba maji tu. — Mama Chapati, Tucson*

Binti asome hapa. Kuna watu wanaoanguka njiani kwa kunywa maji mengi bila kula. Chumvi ya damu inapungua, mtu anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanazidi kumnywesha. Karanga zako ni dawa. Ongeza mihogo ya kukaanga.

Ila jihadhari na kindi. Kindi wa pale ni wanene, hawana haya, na huwang'ata wageni vidole. Kumlisha ni kosa kisheria. Maganda ya mayai rudini nayo.

*Je, mume wangu anaweza kushuka kwa baghala? — Mwenye Huruma*

Wanaokwenda hadi Phantom Ranch, nyumba ya wageni iliyo chini korongoni, hawatakiwi kuzidi kilo 90, pamoja na nguo. Mpime kwanza, halafu tuulizane huruma yako ni kwa nani.

*Shangazi, tuko chini mtoni. Saa saba mchana. Mume wangu ameacha kupiga mluzi. Tufanye nini? — Mama Wawili*

Kaeni kivulini. Mtoni msiogelee: Colorado inatoka chini ya Bwawa la Glen Canyon, maji yake ni baridi kali na yana nguvu. Lowesheni mashati na kofia kwenye kijito cha Bright Angel. Kuleni kitu cha chumvi. Msianze kupanda kabla ya saa kumi jioni, mwende mwendo wa mtoto mdogo, na tochi ziwe karibu. Mkizidiwa, wapo askari wa hifadhi huko huko chini, waambieni mapema.

Haya yote ningekwambia siku ile, mwanangu. Lakini barua yako ina muhuri wa Phantom Ranch unaosema imepandishwa kwa baghala, na imenifikia baada ya siku kumi na mbili. Barua najua ilivyopanda. Niandikie upesi ninyi mlipandaje.