Mbuzi Mmoja, Ndoo Nne za Maembe

Mbuzi yuko kwangu tangu Sikukuu ya Jamhuri. Leo ni tarehe 22, na ameshamaliza maua ya mke wangu, mstari mzima wa ndengu zilizokuwa zimeanza kutoa maganda, na soksi yangu moja. Nilipouliza kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kama malisho hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa mchango wangu wa karamu yetu ya Krismasi, mweka hazina alijibu kwa maneno mawili: "Elfu mbili." Yeye mwenyewe hajatuma hata ndururu.

Tuko watano. Tulilala bweni moja na kula maharage yenye fukusi kutoka sufuria moja, ndiyo maana hakuna anayemwonea mwenzake haya. Ningealika wageni nisiowajua, wangekuwa wameshalipa na kuuliza kama wavae suti.

Wiki ya kwanza yote ililiwa na suala la mahali. Wawili ni wa Kitui, sisi watatu ni wa Makueni, na katikati yetu umelala Mto Athi. Mwalimu aliandika, "Tukutane sote Wote," akajichekea mwenyewe kwa vikatuni sita. Dereva wa Kitui akasema hawezi kuzunguka na Machakos akiwa na watoto watatu na nauli ya Disemba, ambayo makanga huitaja akiwa ametazama kando. Kisha, bila kuchokozwa, akaongeza kwamba Makueni ni ya juzi tu, ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992, na mkubwa hamfuati mdogo nyumbani kwake. Mwalimu akamjibu kwamba kaunti zote 47 zilianza kazi 2013, kwa hiyo ni mapacha. Hapo zikapotea siku tatu. Kilichomaliza ubishi ni mbuzi: alikuwa tayari yuko kwangu, na hakuna aliyetaka kumlipia nauli.

Tukaingia kwenye chakula. Mwenzetu anayekaa Nairobi alidai muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Si wa mashine, alisisitiza, ule wa kutwangwa kwenye kinu, "kama wa susu," yaani wa nyanya. Sisi tunaoula Jumatatu hadi Jumamosi tulikuwa tumeota pilau na chapati tangu Agosti. Mke wangu alinipa swali nimfikishie: huyo wa Nairobi ana mikono mingapi, na itafika lini kutwanga? Nikalifikisha. Tiki mbili za buluu, kimya mpaka leo.

Basi tukagawana mizigo: mchele, unga wa ngano, makaa, soda. Kila mmoja akaitikia, "Sawa kabisa." Neno hilo lilipaswa kunishtua. Jana nikaomba kila mtu athibitishe. Mwalimu: mchele umepanda bei, lakini ataleta maembe. Mweka hazina: unga amesahau, ila ana ndoo ya maembe aina ya Apple. Wa Nairobi atapitia Emali, atanunua maembe barabarani.

Maembe! Makueni! Disemba! Kumletea mtu wa huku maembe mwezi huu ni sawa na kumpelekea mtu wa Lamu maji ya chumvi. Mwembe wangu wa ngowe unaangusha maembe juu ya bati usiku kucha, tunalala kama walinzi. Ndama amekinai. Jirani nikimpelekea beseni, ananirudishia likiwa limejaa zaidi.

Nikabaki na tumaini moja, Dereva. Kitui ni nchi ya asali, na makaa ndiyo yalikuwa zamu yake. Nikampigia kabisa, maana maandishi yalishanishinda. Akasema makaa yatamchafulia gari, na asali yote imechukuliwa na shemeji zake. "Lakini usijali, kaka. Nakuja na maembe ya Kitui. Haya yetu hayana nzi."

Mke wangu ameisoma orodha yote akiwa amesimama, jambo ambalo si dalili nzuri. Mbuzi mmoja. Maembe ndoo nne. Mchele hakuna, unga hakuna, makaa hakuna. Ameniuliza kama marafiki zangu watamla mbuzi mbichi au wataanza na kokwa. Nimetazama nje. Mbuzi yuko chini ya mwembe, ganda la ngowe linaning'inia mdomoni, tumbo limejaa, hana deni na mtu.

Mweka hazina ameuliza tena kuhusu elfu mbili zangu. Nimemwambia nitatuma jioni.