Kanuni ya Kushuka: Mhadhara Usiopingika kuhusu Vita vya Angani

Mabibi na mabwana, waheshimiwa wa viti vya mbele, na ninyi mliofuata kivuli cha mwembe mkajikuta mhadharani: tulieni. Anayesema nanyi ndiye mtaalamu pekee wa setilaiti kati ya Mambrui na Watamu. Cheo hiki sikupewa na chuo. Vyuo vina urasimu. Nilijitungia mtihani mgumu, nikaufanya, nikajisahihishia kwa haki.

Malindi nimeichagua makusudi. Ni hapa, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini, Waitaliano waliporusha setilaiti ya Wamarekani iitwayo Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Kila mzaliwa wa ufuo huu basi ana damu ya anga, na mimi nimezaliwa karibu na maji kuliko ninyi nyote.

Sasa andikeni. Asiye na kalamu akariri. Kanuni yangu yasema: katika biashara ya intaneti ya setilaiti, aliye juu hushindwa na aliye chini yake.

Wakongwe wa kazi hii, akina Viasat na HughesNet, setilaiti zao zimekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, zikizunguka sambamba na dunia. Huko kuna hadhi, lakini ni mbali. Swali lipande, lishuke, jibu nalo lipande na kushuka: nusu sekunde imekwenda. Kwa msoma barua si kitu. Kwa mume na mke wanaogombana kwa video ni balaa, maana kila mmoja hudhani mwenzake amenyamaza kwa dharau.

Wakaja OneWeb, kilomita 1,200. Machi 2020 wakaomba ulinzi wa mufilisi. Starlink wakashuka hadi kama 550, na wateja wakawafuata. Amazon wamepanga setilaiti 3,236, kati ya kilomita 590 na 630. Nimewaandikia kwamba wamezidisha kilomita arobaini. Hawajajibu, bila shaka wametikisika.

Mtaniuliza: mbona Iridium, waliokuwa kilomita 780 tu, walifilisika 1999? Swali hilo halina adabu.

Tuje nyumbani. Starlink waliingia Kenya Julai 2023. Mwaka uliofuata Safaricom wakaiandikia Mamlaka ya Mawasiliano kwamba wageni hawa wa angani wasipewe leseni za kujitegemea, washirikiane na kampuni za hapa. Kisha, Septemba, Safaricom hao hao wakaongeza kasi ya faiba ya majumbani bila kugusa bei. Angalieni maajabu: kuna watu wamefaidika na dishi ambalo hawakulinunua! Mwezi Novemba Starlink nao wakasimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani. Anga ya jiji ilikuwa imejaa. Setilaiti moja hugawia wote walio chini yake, na Nairobi ni wengi, tena wote wanatazama mpira saa moja. Turkana kuna nafasi tele, hameni.

Hapa akili ndogo hukwama. Yangu haikukwama. Fuateni hesabu: 35,786, halafu 1,200, halafu 550. Mstari unashuka! Ukiuendeleza unafika sifuri, kisha unapenya ardhini. Kwa hiyo setilaiti bora ya kesho itakuwa ndefu, nyembamba, imefukiwa mchangani, na itapita chini ya bahari.

Kuna kijana anapiga kelele kwamba huo ni mkongo wa baharini, na kwamba ule uitwao TEAMS ulifika Mombasa 2009. Nampongeza. Amethibitisha kanuni yangu miaka mingi kabla sijaigundua.

Kampuni yangu mwenyewe, lakini, haitachimba. Jembe si la wasomi. Tutaweka setilaiti kwenye kimo cha mnazi, moja kila mtaa, zisizozunguka kabisa ili zisichoke. Mzee wa minara ya simu anayecheka pale kando atolewe.

Hisa zinauzwa mezani kwa muuza madafu. Malipo ni taslimu. Mambo ya mtandao mimi siyaamini.