Sosi Isiyosubiri Wageni

Sosi ya moto ya bekoni ni chakula cha watu wanaofika kwa wakati. Wajerumani wa Pennsylvania hawana shida nayo. Ukiwaalika saa kumi na moja, saa kumi na moja kasoro dakika mbili wako mlangoni wanapangusa viatu. Sisi wa Muheza tukisema saa kumi na moja, tunamaanisha kwamba siku hiyo haitapita bila kuonana.

Watu hawa walianza kuhamia huku mwaka 1683, na mji wa Lancaster tunakoishi umezungukwa na mashamba yao: Waamish na vigari vyao vya farasi, Wamennonite, Walutheri. Baridi ikiisha, miongoni mwa vitu vya kwanza kuonyesha kijani ardhini ni dandelion, lile gugu la maua ya njano ambalo Wamarekani wengi hulipiga dawa kwa chuki ya ajabu. Hawa hulila, kama saladi iliyomiminiwa sosi hiyo. Majani huchumwa kabla ua halijatoka, maana likishatoka uchungu wake ni wa mwarobaini. Siku kuu ya kuyala ni Alhamisi Kuu, wanayoiita Alhamisi ya Kijani. Wazee huamini kwamba ukila mboga za kijani siku hiyo, mwaka mzima huugui. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alipoyaona tu akasema, "Si mchunga huu!" Hakwenda mbali. Mchunga wetu na dandelion ni ukoo mmoja. Hata utomvu wao mweupe ukivunja jani ni uleule.

Mwalimu wetu wa mapishi ni bibi mwenye nyumba, Mmennonite wa miaka themanini na kitu. Mama yake mdogo alikuwa nesi Shirati, mkoani Mara, ambako Wamennonite kutoka Lancaster walifika mwaka 1934. Kwa mama huyo bibi alirithi maneno mawili ya Kiswahili: karibu na polepole. Shemeji humwamkia shikamoo kila asubuhi, naye hujibu karibu. Wanaelewana hivyo tangu wajuane, na sijaona sababu ya kuwaingilia.

Alhamisi Kuu moja tulialika wageni saa kumi na moja, na bibi akamtuma shemeji akachume majani nyuma ya banda lake. Shemeji akaona ya bandani ni madogo, hayana heshima, akavuka barabara. Mwenye nyumba ya ng'ambo akachungulia dirishani, akaona kijana asiyemjua anamng'olea magugu kwenye nyasi zake bila kuombwa. Akatoka na maji baridi, akaingia tena akatoka na jembe dogo la bustani, na mwisho akatoa dola 20. Shemeji alirudi na ndoo imejaa, anaimba. Bibi akauliza majani yametoka wapi. Alipoonyeshwa, akaibeba ndoo mwenyewe hadi jalalani na kuimwaga yote, kwa sababu zile nyasi hupigwa dawa kila mwaka. Dola 20 hakuziuliza. Shemeji naye hakuzitaja.

Yakachumwa mengine, ya bandani, madogo hivyo hivyo.

Bekoni hukatwa vipande ikawekwa kwenye kikaango cha chuma kikiwa bado baridi, moto wa wastani, ili mafuta yatoke kidogo kidogo bila kuungua. Hapo ndipo ilipoanza harufu, na ndipo ilipoanza taabu ya shemeji, aliyekuwa ameacha nyama Kwaresima nzima. Alikisimamia kikaango kama mlinzi wa benki, macho amefumba, anavuta pumzi ndefu. Baada ya tafakuri akatoa hukumu kwamba mafuta si nyama, na kwamba sosi, kwa kuwa bekoni hutolewa kwanza, kimsingi ni mboga.

Pembeni tuliweka sufuria nyingine, safi, na mwiko wake, kwa ajili ya jirani wa ghorofani, mama wa Mombasa. Mke wangu alikuwa amemnunulia bekoni ya bata mzinga. Sitaki kumsema ndege wa watu, lakini ukiikaanga inakutazama tu; mafuta haitoi hata tone. Tukatia samli. Bibi aliikodolea samli jicho la shaka, akachovya kidole, akachovya tena, akauliza inauzwa wapi.

Sasa sosi yenyewe. Unapiga yai na sukari, siki, maji na unga wa ngano kidogo, kisha unamimina kwenye mafuta ya bekoni huku unakoroga. Kwenye karatasi ni sentensi moja. Jikoni, maji na siki vikigusa mafuta ya moto huchemka papo hapo na kuruka, na mvuke wa siki ukikuingia kooni utakohoa hadi ukumbuke madeni ya zamani. King'ora cha moshi kikalia. Mke wangu akapanda kiti na kukipepea kwa kanga. Ilibidi kikaango kitolewe motoni kwanza, kitulie. Yai lisilo na unga likifika nyuzi joto 80 hivi hukatika mabonge. Unga ndio unaolikinga, lakini nao una mipaka, na lazima mwiko uende mbio.

Mwiko alikuwa nao shemeji. Bibi, akiona chini kunaanza kushika, alitaka kumwambia aongeze kasi, na kwa kuwa jambo lilikuwa la dharura akamwambia kwa lugha yake.

"Polepole!" akapiga kelele. "Polepole!"

Shemeji ni mtoto aliyelelewa. Akapunguza mwendo. Bibi akazidi kupaza sauti, shemeji akazidi kutulia, mpaka mwiko ukawa unatembea kama bwana harusi anayeingia kanisani. Sosi ikafanya mabonge. Tukaipitisha kwenye chujio la chai, na nathubutu kusema ilitoka nzuri: nzito kiasi, chachu na tamu kwa pamoja, na chumvi ya bekoni nyuma yake.

Saa kumi na moja kamili. Mama wa Mombasa alikuwa ameshaketi, maana ngazi hazina foleni. Wengine nikawapigia simu. "Tumefika kona hapo," akasema mmoja, na nyuma ya sauti yake nikasikia mtu anauliza pasi iko wapi.

Bibi hakusubiri. Akamimina. Majani yalilegea palepale, yakang'aa, na kwa robo saa ile saladi ilikuwa kamilifu, na waliokuwepo kuishuhudia ni watano. Kisha ikaanza kupoa. Mafuta ya nguruwe huanza kuganda jiko likiwa na ubaridi wa kawaida tu, na jiko la Lancaster mwezi wa nne ni baridi. Kwa joto la Tanga la Februari sosi hii pengine ingevumilia hadi wageni wa mwisho. Hapa ilivaa utando mweupe, jani kwa jani, mpaka bakuli likawa linafanana na kitu cha kupaka viatu.

Wageni waliingia karibu saa moja, wamependeza sana, nguo zimenyooka.

Shemeji hakuomba ruhusa. Akarudisha bakuli zima kikaangoni, akaongeza kitunguu, akafunika. Mke wangu akasonga ugali. Majani yakapungua hadi yakawa konzi mbili tatu, meusi, yanateleza, na mmoja wa wageni akaapa kwamba mchunga kama huo hajala tangu aondoke Korogwe. Bibi alitangaza mezani kwamba ile si saladi, haijawahi kuwa saladi, na mama yake angelia. Kisha akamega tonge kubwa kupita kiasi, akalichovya, akatafuna kwa muda mrefu huku sote tumemkodolea macho.

Siki imepelea, akasema, na kunituma niilete chupa.